Uzi Mwekundu kwenye Hoho za Rosanda

Ukikaa kwenye benchi la mbele ya duka la Desa, utake usitake, unautazama ukuta wa nyumba ya jirani yetu Rosanda, ng'ambo ya barabara. Hakuna pa kugeuzia macho. Na mwaka huu, mwaka ambao mvua ilituaga mwezi wa Mei bila kusema inarudi lini, ukuta huo umefunikwa na mitungo ya hoho nyekundu kuanzia ukingo wa paa hadi kwenye vidirisha vya ghala la chini, hoho ndefu, nono, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta moja moja. Kuta zetu sisi zina chokaa. Asubuhi ile tulikuwa wanne. Kulikuwa na Gradimir, tunayemwita Waziri kwa sababu miaka kumi na minane iliyopita waziri mmoja alionja hoho yake kwenye maonyesho kule Leskovac na kumuuliza choo kiko wapi. Kulikuwa na Tihomir, yaani Barometa, ambaye kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kufyatua roketi za kutawanya mawingu ya mvua ya mawe, na ambaye goti lake la kushoto hutabiri hali ya hewa na hukosea. Kulikuwa na Blagoje, Mrithi, aliyeachiwa na marehemu baba yake, mzee Stojan, mbegu ya hoho ambayo kijiji kizima cha Prisojnica huiita Stojanovka. Na mimi, Debe. Jina langu mtalielewa mbele ya safari. Desa alikuwa ameshatuletea kahawa ya pili, harufu ya hoho zinazochomwa kwa ajili ya ajvar, ile rojo ya hoho tunayoiweka akiba ya majira ya baridi, ilikuwa inatoka kila ua isipokuwa nyua zetu, na wivu tuliokuwa nao ungetosha kuendesha trekta.

— Hamsini na mbili, akasema Blagoje.

— Hamsini na mbili nini?

— Mitungo. Jana ilikuwa arobaini na tisa.

— Kumbe unaihesabu!

— Siihesabu. Naiona.

— Kunywa kahawa, Mrithi, nikamwambia. Inapoa, na uso wako ndio unaoipoza.

Hakunywa. Alikuwa na sababu. Jumapili inayokuja chama chetu cha wakulima wa hoho kingechagua hoho moja ya kuandikishwa kuwa ndiyo hoho ya Prisojnica, jina moja, limeandikwa rasmi, halifutiki. Blagoje alikuwa ameingojea siku hiyo tangu baba yake azikwe. Wajumbe wangepita shamba kwa shamba. Na shamba lake, nasema kwa heshima, lilikuwa limekaa kama nywele za Waziri: kidogo juu, pembeni hamna.

— Wataandika Rosandina, akasema. Baba yangu aliificha mbegu ile ndani ya godoro mwaka wa njaa, akailalia majira mazima ya baridi, mgongo ukapinda. Leo itaandikwa kwa jina la mwanamke aliyepewa kiganja kimoja tu ndani ya leso, siku ya harusi yake.

— Aliyempa nani? akauliza Waziri, na alikuwa anajua vizuri sana.

— Baba.

— Ahaa.

— Ahaa nini?

— Hapana, nimesema ahaa tu. Siku hizi mtu haruhusiwi?

— Gradimir, sema ulichomeza!

Waziri akakaa vizuri, akaweka mguu juu ya mguu. Akikaa hivyo ujue anahutubia taifa.

— Mimi ninachosema, jirani, ni kwamba hoho ni mbegu. Kwisha. Mbwa wa mbwa ni mbwa. Ukiona hoho nzuri, mama yake alikuwa mzuri. Sasa kama mbegu ya Rosanda inazaa na mbegu yako haizai, na zote zimetoka mkono mmoja... mimi sisemi kitu. Ila pengine mzee alikuwa na vibweta viwili.

— Viwili vipi?

— Cha mbegu yenyewe. Na cha mabaki.

Nimeshaona watu wakipigwa ngumi wakabaki na uso mzuri kuliko ule aliobaki nao Blagoje. Hata mimi nilitafuta mzaha mfukoni nikakuta hamna.

— Basi imekwisha, akasema polepole. Nimeshamwambia Ratko, binamu yangu, aje na trekta leo saa nne. Alime ile mistari sita ya chini, ya kando ya barabara. Rosanda hupita pale akienda kanisani, sitaki aione. Na mwakani nanunua mbegu za pakiti dukani.

— Na kibweta cha baba yako? nikauliza.

— Nitawapa kuku.

Dukani, Desa akaacha kufagia. Ilikuwa saa tatu na nusu.

— Wewe Waziri una mdomo mchafu, akaingilia Barometa, na isitoshe hujui kitu. Mbegu, mbegu! Suala ni mahali. Shamba la Rosanda liko bondeni, kandokando ya mto Morava. Asubuhi ukungu unalala pale mpaka saa tatu, unalamba majani. Udongo wake una kokoto, unapumua. Wa Blagoje ni mfinyanzi, ukilowa unakushika kiatu, ukikauka unapasuka unaweza kupoteza mbuzi. Tena nitawaambia siri ya kikazi. Miaka ishirini na mbili mimi nilikuwa nafyatua roketi pale kilimani. Mawingu yana kumbukumbu. Yananijua. Yakifika kwangu yanazunguka, yanapitia kwa nani? Kwa Rosanda!

— Kwa hiyo mawingu yanakuogopa wewe?

— Yananiheshimu.

— Mkeo tu hakuogopi, itakuwa wingu?

— Kama ni mahali, akasema Waziri, basi tuambie habari za shamba la marehemu Vidoje.

Barometa akageuka kuangalia barabarani kana kwamba basi linakuja. Hapa basi halipiti siku ya Jumanne.

— Shamba gani?

— Lile ulilokodi mwaka huu kimyakimya, ukadhani hatujui. Liko ubavuni kwa Rosanda, mfereji mmoja tu katikati. Ukungu uleule. Kokoto zilezile. Mawingu hayohayo yanayokuheshimu. Hoho zako ziko wapi?

— Zilikuwa za pakiti...

— Ziko wapi, Tihomir?

— Zilikufa mwezi wa Julai, akasema Barometa. Lakini zilikufa mahali pazuri!

Nilicheka mpaka kahawa ikanitokea puani, na kahawa ya Desa ikipita huko huwezi kuisahau. Barometa alipoona anachekwa, naye akachomoa lake.

— Na wewe, Mheshimiwa? Unadhani ile mitungo mitatu iliyopungua ukutani kwa Rosanda mwaka juzi ilipeperushwa na upepo?

— Mtungo mmoja! akafoka Waziri, halafu akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshavuka barabara.

— Wewe! akasimama Blagoje. Uliiba hoho za Rosanda?

— Niliazima. Kwa uchunguzi.

— Ukapanda mbegu zake?

— Nikapanda. Bwana wee, nilizitunza! Samadi ya kuku, mbolea ya dukani, maji kutwa mara mbili. Zikaota nikasema Mungu mkubwa. Majani yalinifika kifuani. Mke wangu akiingia mle namtafuta kwa sauti. Basi nikangoja hoho. Agosti, hamna. Septemba, hamna. Zilianza kuzaa mwezi wa Oktoba, vidole vidogo vya kijani, ikaja baridi ikazichukua zote usiku mmoja.

— Kwa hiyo ulikuwa na mbegu ile ile ya Rosanda, nikasema.

— Ile ile.

— Na hujavuna kitu.

— Nimevuna majani.

— Mbwa wa mbwa ni mbwa, Mheshimiwa.

— Nyamaza, Debe.

Blagoje hakucheka. Alikuwa ametoa kidaftari mfukoni mwa koti, kimechakaa, kimefungwa kwa mpira.

— Nyote wapumbavu, akasema. Si mbegu, si mahali. Ni mkono. Mkono wa mtu. Nimeandika hapa kila anachofanya yule mama tangu Aprili.

— Umejuaje anachofanya?

— Kwenye mpaka wake kuna miti ya plamu.

— Ulikuwa unajificha kwenye plamu! Umri wako sitini na moja!

— Nilikuwa nakagua plamu. Sikilizeni: mwaka jana pale alipanda maharage. Mabua hakuchoma, ameyaacha. Katikati ya mistari ametandaza majani makavu ya ngano, unene wa kiganja. Maji anamwaga mara moja kwa wiki, alfajiri, mengi, halafu basi, hata hoho zikilia. Jembe hagusi wakati wa jua kali. Nimefanya vyote, kimoja kimoja, kama sala. Nikatandaza. Nikanyima maji.

— Na hoho zako?

— Zile za jirani na kisima ziko sawa. Nyingine zilikaa wiki tatu zinanitazama kwa mshangao, kisha zikalala chini. Zilikuwa zimezoea kubembelezwa, ndugu zangu. Baba alikuwa anazinywesha kila jioni.

Nikaona sasa ni zamu yangu, maana wenzangu walikuwa wamechoka.

— Hebu subirini. Waziri alikuwa na mbegu ya Rosanda. Barometa alikuwa na udongo wa Rosanda. Mrithi alikuwa na mkono wa Rosanda. Tukiwafunga kamba nyie watatu tunapata Rosanda mmoja kamili, ana masharubu tu.

— Hapana, akasema Barometa kwa sauti ya chini, akachungulia kulia na kushoto. Kuna kitu kingine. Wakati nimekodi pale niliona kwa macho yangu. Amefunga nyuzi.

— Nyuzi gani?

— Nyekundu. Za sufu. Kwenye mashina. Tena si huku mbele kwenye hoho nzuri. Kule mwisho kabisa, kwenye zile nyembambanyembamba.

Benchi zima likasogeleana. Hapa kwetu uzi mwekundu mtoto anavalishwa mkononi asipigwe kijicho. Ndama anavalishwa. Hata gari jipya la daktari wa mifugo lilivalishwa. Lakini hoho?

— Anajikinga, akanong'ona Waziri. Anajua tunamwonea wivu.

— Nani anamwonea wivu? akafoka Blagoje. Hamsini na mbili!

— Si kujikinga, akasema Barometa. Akijikinga angefunga mbele, kwenye nzuri. Hizi ni mtego. Kijicho chetu kinapita juu ya uzi, kinanaswa, yeye anakigeuza kuwa mbolea. Ndiyo maana kila tukikaa hapa zinaongezeka!

— Yaani sisi ndio tunaozilisha?

— Hesabu mwenyewe. Mwaka jana tulikaa hapa kidogo, mgongo wangu ulikuwa unauma. Alipata mitungo thelathini. Mwaka huu tumekaa tangu Pasaka.

— Basi anatudai shukrani! Hapana, yaani sisi tunamdai yeye! akasema Waziri. Na upande wa pili wa uzi umefungwa wapi? Uzi lazima uwe na upande wa pili. Mimi nasema uko shambani kwa Blagoje, umefukiwa, unavuta.

— Unavuta nini?

— Nguvu ya mbegu! Mzee Stojan si alimpa leso? Leso ina kona nne. Moja hajairudisha!

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kwamba kona hiyo lazima iko wizarani kwake, mlango wa duka la Desa ukalia kengele. Aliyetoka alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma bila sisi kumwona. Mwanamke kijana, mabuti ya mpira makubwa kuliko yeye, kitambaa kichwani amekifunga vibaya. Tijana, mkwe wa Rosanda, ameolewa mwezi wa Juni kutoka mjini Novi Sad, hajamaliza hata miezi mitatu kijijini. Mkononi ameshika kibumba cha uzi wa sufu. Mwekundu.

Barometa akarudi nyuma mpaka benchi likainuka upande wangu.

— Hamjambo, wajomba, akasema.

— Hatujambo, mkwe, tukajibu kama darasa.

— Huo uzi... akaanza Waziri, akakohoa. Huo uzi ni wa kufuma soksi?

— Wa hoho. Wa kwanza umetuishia. Mama kaniachia mistari miwili nifunge mwenyewe, naogopa kweli, sijawahi. Afadhali nimewakuta wataalamu. Ninyi mnafunga mstari gani?

Nzi alitua kwenye kikombe cha Waziri, akanywa, akaondoka, hakuna aliyemfukuza.

— Tunafunga... kwa nini, mkwe? akauliza Blagoje.

— Kwa ajili ya mbegu, jamani! Ili wachumaji wasizichume. Mama anachagua shina likiwa bado shambani. Anakwenda kule mwisho ambako maji hayafiki, anatafuta lililosimama peke yake wakati wenzake wamelala. Hata kama hoho zake ni ndogo. Anasema miaka thelathini na nne ndivyo alivyofanya. Yale yaliyonenepa karibu na bomba hayagusi kwa mbegu, anasema hayo yatamfundisha mtoto kudeka. Ninyi mbegu mnachagulia wapi?

Sisi tukamtazama Desa. Desa alikuwa ameegemea fremu ya mlango na ufagio wake, na uso wa mtu aliyengoja siku hii tangu duka lifunguliwe.

— Ukutani, mwanangu, akasema. Wanachagulia ukutani. Wanachuma kwanza zote, wanatunga, wanatundika upande wa barabara ili jirani aumie. Majira ya baridi yakiisha wanashusha ile iliyowaumiza watu zaidi, wanatoa mbegu.

— Ile kubwa kuliko zote, akaongeza Blagoje, kama anajisemea. Baba alisema chukua ile kubwa.

— Sawa, akasema Tijana, amekunja uso, si kwa dharau, alikuwa kweli anataka kujua. Lakini ikiwa iko ukutani, utajuaje ilitoka kwenye shina gani?

Waziri akatazama ukuta. Barometa akatazama goti lake. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nibatizwe, na hata siku ile nasikia nilimkatiza padri, nilitazama kikombe. Ile kubwa kuliko zote hutoka wapi? Inatoka karibu na kisima. Kila mwaka. Miaka yote hii tumekuwa tukiwafuga watoto wa kisimani, tukawatuma jangwani, tukashangaa wanakufa.

— Mkwe, akasema Blagoje. Hiyo mbegu ya mama mkwe wako. Ni ile... aliyopewa kwenye leso? Haikuchanganywa na nyingine? Nzuri zaidi?

— Ni ya mzee Stojan. Mama ananiambia alipewa kutoka kwenye bakuli lilelile ulilopewa wewe mwanawe, mezani, siku hiyohiyo ya harusi, mzee anagawa huku na huku kwa kijiko. Kijiko kwako, kijiko kwake. Si ulikuwepo?

— Nilikuwepo, akasema Blagoje. Nilikuwa nacheza dansi.

— Anasema sasa imezoea kwake, ikienda kwingine lazima ianze kujifunza upya, udongo na tabia za mwenye shamba. Lakini ni Stojanovka. Jumapili anaandikisha jina hilo. Kwani ina jina lingine?

Blagoje alikuwa amesimama, mdomo wazi, na nikaona macho yake yamelowa, nikageuka haraka kwa sababu mimi nikimwona mtu analia nafanya mzaha mbaya. Na hapo ndipo tulipousikia, kutoka chini barabarani: mngurumo wa Ratko.

— Mistari sita ya chini! akasema Blagoje.

— Kule maji yasikofika, nikasema.

Hakuaga. Alikimbia. Mtu wa miaka sitini na moja, kandambili miguuni, kidaftari kinapepea, anapiga kelele "Ratko! Zima! Zima, mpumbavu wee, zima!" na Ratko ana spika za masikioni anasikiliza tarumbeta. Tukamfuata. Nilipofika, jembe la trekta lilikuwa limeshageuza mstari mmoja na nusu, na Blagoje alikuwa amelala kifudifudi mbele ya gurudumu, mikono ameitandaza kama anazuia jeshi. Ratko akazima. Akavua spika.

— Kaka, si ulisema nilime?

— Nilisema. Sasa nasema usilime.

Akatambaa kwa magoti. Vumbi, mashina yaliyokauka, majani makavu ya ngano aliyoyatandaza mwenyewe kwa kufuata kidaftari. Tijana naye alikuwa amefika, anahema ndani ya mabuti yake, akakata kipande cha uzi kwa meno, akampa. Blagoje akapita kati ya maiti za hoho, anafunua, anapapasa. Akasimama. Shina fupi, halifiki gotini, lina hoho nne, moja imepinda kama pua ya Barometa. Lakini zilikuwa nyekundu, na majani yalikuwa yamesimama. Akafunga. Tijana akamshikia fundo. Akatafuta tena. La pili. La tatu lilikuwa kwenye ukingo kabisa wa mfereji uliochimbwa na jembe la Ratko, mzizi mmoja nje. Akalifukia kwa viganja, akalikandamiza taratibu kama anamfunika mtu blanketi.

— Mangapi? akauliza Waziri kutoka barabarani. Alikuwa amekwenda kwake na kurudi, jasho linamtoka, matope hadi mapajani.

— Matatu, akasema Blagoje.

— Matatu? Waziri akavuta pumzi, akanyoosha kola. Yako yamedekezwa. Mimi kwangu kumekauka kuliko kwako, nimebakiwa na mawili tu!

— Mawili si kitu! ikapaa sauti ya Barometa, anakuja anachechemea kutoka kwa marehemu Vidoje, mkono juu, uso umejaa fahari. Mawili ni ya ninyi mliozoea raha! Mimi kwangu halijabaki hata moja!

Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja, mkono bado uko juu.

— Hata moja, akarudia, polepole zaidi.